Foleni ya mwisho Disney: mwongozo kamili wa kupata mchezo wa kufungia siku bila kugombana na mtu

Likizo ya shule ikikaribia, simu yangu huanza kulia, na kilio ni kile kile. Familia imetoka Minneapolis, Dallas au Toronto, wengine wameunganisha moja kwa moja kutoka Dar au Nairobi. Wamelipa tiketi ambazo kwa hesabu ya nyumbani ni kodi ya miezi. Wamezunguka Magic Kingdom, moja ya bustani nne za michezo za Disney huko Orlando, Florida, juani tangu asubuhi, halafu ule mchezo mmoja wa kupanda ambao mtoto alikuwa akiutaja tangu kwenye ndege wameukosa kwa dakika mbili. Au wameupata, lakini kwa ugomvi na watu wa mbele yao, na safari nzima sasa inakumbukwa kwa ugomvi huo.

Mimi naishi mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Orlando, na nyumba yangu imegeuka gesti ya ukoo. Nimewapeleka wageni wengi mno kiasi kwamba makosa yao nayajua kwa majina. Huu ndio utaratibu ninaowapa wa kupata nyongeza ya mwisho wa siku.

Ninaposema nyongeza ya mwisho wa siku nina maana ile ile ya sokoni: umeshalipia fungu lako, muuzaji anakutupia nyanya mbili juu. Huko bustanini nyanya hizo ni kama tatu hivi. Kwanza, ukiwa ndani ya foleni kabla ya saa ya kufunga utapanda tu, hata kama zamu yako itafika nusu saa baada ya bustani kufungwa. Pili, usiku watu wakipungua unaweza kuomba kiti unachokitaka, cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa. Tatu, mara chache, foleni ikiwa imekauka, mhudumu anaweza kukuacha uende mzunguko wa pili bila kushuka. Ya kwanza ni haki yako. Mbili zilizobaki ni hisani, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye programu ya My Disney Experience, tiketi za familia nzima zikiwa zimeunganishwa humo. Muda wa foleni, saa za kufunga na mchezo ulioharibika vyote vinaonekana hapo.
- Pawa benki. Ifikapo jioni simu iliyopiga picha siku nzima iko asilimia 6, na usiku ndiyo unaihitaji kuliko wakati wowote.
- Urefu wa kila mtoto kwa sentimita, akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Mpime nyumbani, mlangoni, kwa penseli.
- Koti jepesi la mvua, hasa kuanzia Juni hadi Septemba.
- Begi dogo. Mchezo wa TRON hauruhusu kupanda na mabegi. Kuna makabati ya kufungia vitu bila malipo, lakini kufunga na kufungua kunakula dakika.
- Mtu mzima mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kamati ya watu wazima watano huwa haifiki popote kwa wakati.

Fimbo ya selfi iache nyumbani. Imepigwa marufuku tangu 2015 na utaambiwa uiache pale pale kwenye ukaguzi. Maji usinunue: mgahawa wowote wa kaunta utakupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba.

## Hatua ya 1: Hakikisha saa ya kufunga, kisha itafsiri

Programu itaandika 10:00 PM. Hiyo ni saa 4 usiku. Unacheka, lakini hapa ndipo nilipofeli mimi mwenyewe. Niliandika kwenye kundi la familia, «Leo wanafunga saa 10, tukutane kwenye kasri.» Wifi yangu, mgeni kutoka Dar, akasoma saa 10 jioni kama alivyolelewa. Ilipofika saa 9 alasiri akawakusanya watoto wake wawili, akapanda basi kurudi hotelini ili asikutane na msongamano wa watu wanaotoka. Aliponipigia alikuwa ameshaoga. Tangu siku hiyo naandika «saa 4 usiku, yaani 10 PM», na sijali nani ananiona mshamba.

Ukishatafsiri, angalia mambo mawili zaidi kwenye kalenda ya siku hiyo.

La kwanza ni sherehe za tiketi maalumu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna usiku wa Halloween, na kuanzia Novemba kuna wa Krismasi, pale Magic Kingdom. Siku za sherehe hizo, mwenye tiketi ya kawaida mwisho wake ni saa 12 jioni. Walioingia kwa tiketi ya sherehe huvishwa utepe mkononi, na usipokuwa nao utaelekezwa mlangoni kwa upole lakini bila mjadala. Familia nyingi huzinunua siku hizo kwa sababu mchana huwa na watu wachache kidogo, na ni kweli, lakini wajue hawana usiku.

La pili ni saa za ziada za usiku. Wageni wanaolala kwenye hoteli za daraja la juu za Disney hupata saa 2 za ziada katika bustani fulani, usiku fulani. Animal Kingdom Lodge, ile ambayo jengo lake moja linaitwa Jambo House na jingine Kidani Village, imo kwenye daraja hilo. Wahudumu huskani tiketi au bangili yako mlangoni mwa kila mchezo. Kama hulali huko, usijaribu kujichanganya na kundi.

Utajua umefaulu hatua hii pale kila mtu wa familia, pamoja na bibi, anapoweza kukutajia saa ya kufunga kwa Kiswahili bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Chagua mchezo mmoja, na mwingine wa akiba

Mmoja. Anayetaka kufunga siku na mitatu hufunga na sifuri.

Chagua ule ambao mchana foleni yake inatisha, maana ndiko faida ya usiku iliko. Magic Kingdom wengi hugombea Seven Dwarfs Mine Train au TRON. Kwenye bustani tatu nyingine, Epcot ni Cosmic Rewind. Hollywood Studios ni Slinky Dog Dash na Rise of the Resistance. Animal Kingdom ni Flight of Passage.

Kabla hujamwahidi mtoto, linganisha na ile alama ya penseli. Seven Dwarfs na Slinky Dog ni sentimita 97. Rise of the Resistance ni 102, Cosmic Rewind ni 107, Flight of Passage na Space Mountain ni 112, TRON ni 122. Mlangoni kuna kipimo na mhudumu hapunguzi hata sentimita moja. Nimewahi kuona baba amemjazia mwanawe karatasi za chooni ndani ya viatu. Mhudumu alimwomba mtoto avue. Sitasahau uso wa yule mtoto.

Kama una mdogo asiyefikia kipimo, kuna utaratibu wa kubadilishana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila wa pili kupanga foleni upya. Lazima muende wote pamoja kwa mhudumu wa mlangoni mkajiandikishe *kabla* ya wa kwanza kuingia. Ikiwa ni karibu na kufunga, muulizeni waziwazi kama mzazi wa pili atapata nafasi.

Ule wa akiba unahitajika kwa sababu michezo huharibika. Ukikuta umesimama dakika 20 kabla ya kufunga, usikae hapo ukiomba dua. Mara nyingi haufunguliwi tena usiku huo. Ya nje, kama Slinky Dog, husimamishwa pia radi ikiwa karibu, na Florida wakati wa majira ya joto radi ni wimbo wa kila alasiri. Kwa hiyo wa akiba uwe wa ndani ya jengo na uwe upande ule ule wa bustani.

Onyo kwa Animal Kingdom: Kilimanjaro Safaris usiuweke mwisho. Gari linapita kwenye wanyama wa kweli, na safari za mwisho huondoka mapema, giza linapoanza. Nenda asubuhi. Ukipita kijiji cha Harambe, mji wa kubuni uliochorwa kwa kuiangalia Lamu, waache watoto wasome mabango ya Kiswahili kwa sauti. Wamarekani watawageukia kama maprofesa.

## Hatua ya 3: Malizeni choo na chakula saa moja kabla

Hatua fupi lakini imeua ndoto nyingi kuliko mvua. Mtoto akibanwa mkiwa katikati ya foleni ya mwisho, mkitoka hamrudi. Hakuna mtu wa kuwashikia nafasi, na mlango utakuwa umefungwa. Kila mtu aende, hata anayesema hana haja.

## Hatua ya 4: Amueni kuhusu fataki

Magic Kingdom ina onyesho la fataki kwenye kasri, Happily Ever After, la dakika kama 18. Siku nyingine huanza karibu na kufunga, kwa hiyo ndilo linaloamua usiku wako wote.

Zipo njia mbili tu. Ya kwanza: acheni fataki, nendeni kwenye michezo wakati kila mtu amesimama Main Street, barabara inayotoka getini kwenda kwenye kasri, akitazama juu. Foleni hupungua waziwazi, na fataki mtazisikia na kuziona kwa pembeni. Ya pili: tazameni fataki, kisha mkimbilie mchezo wenu.

Wanaoshindwa ni wale wanaotaka njia ya tatu, yaani kusimama katikati kabisa mbele ya kasri, kisha kutegemea kufika upande wa pili ndani ya dakika 5. Onyesho likiisha maelfu ya watu hugeuka kuelekea getini kwa wakati mmoja, na wewe una kigari cha mtoto unakwenda kinyume chao. Ni Kariakoo siku ya mkesha wa Idi, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekupigia kelele upishe.

Mkichagua ya pili, simameni pembeni, upande wa mchezo wenu. Kwa TRON na Space Mountain kaeni upande wa kulia wa kasri ukiwa umelitazama, kuelekea eneo la Tomorrowland iliko michezo hiyo. Kasri mtaliona nusu. Haidhuru.

## Hatua ya 5: Ingia foleni dakika 10 hadi 15 kabla ya kufunga

Swali ninaloulizwa zaidi: mbona nisiingie dakika 1 kabla, ikiwa nitapanda tu?

Kwa sheria unaweza. Ila mhudumu wa mlangoni anafuata saa yake, si yako. Ikifika saa 4 kamili kamba inavutwa, na yule anayeivuta hana mamlaka ya kukuhurumia hata kama amekuona ukikimbia. Kumlilia ni kumwonea. Dakika 10 ni bima dhidi ya kigari kilichopata pancha, dhidi ya kiatu kilichofunguka, dhidi ya kupotea njia.

Kuingia mapema mno nako kuna hasara yake. Ukiingia dakika 50 kabla, umetumia saa ya mwisho ya bustani kusimama, wakati ungeweza kupanda mchezo mwingine wenye foleni fupi, kisha ukaja hapa.

Usitishwe na namba ya mlangoni. Karibu na kufunga bango linaweza kusema dakika 60 na ukatoka ndani ya 35. Namba ya saa hiyo mara nyingi huachwa juu, na wanaochelewa wakiiona wanakata tamaa. Halafu kuna sababu ya pili: foleni ya kulipia, ile ya Lightning Lane. Mchana mhudumu wa makutano anapitisha watu wengi wa kulipia kwa kila wachache wa kawaida, ndiyo maana unaona umesimama tu. Bustani ikishafungwa, wa kulipia wanakauka, na foleni yako inaanza kutembea kama maji. Kwa hiyo ukiona dakika 10 za kwanza hamsogei, vumilia.

Umefaulu ukiwa umevuka mlango, saa yako inasoma 9:47 PM, na kila mtu wa familia yuko nawe kimwili. Si «anakuja».

## Hatua ya 6: Adabu ndani ya foleni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapojulikana.

Usishikiwe nafasi, usimshikie mtu. Kwetu ni jambo la kawaida: mmoja anapanga, wengine wanakuja wakati foleni imefika. Benki, hospitali, hata msibani kwenye sahani. Huku ni kuchomekea, na hakuna kinachowakasirisha watu kama watu saba kupita wakisema samahani, samahani, tunamfuata mama. Zipo bustani Marekani ambazo sheria zao zinaruhusu kukutoa nje bila kukurudishia pesa kwa kosa hilo. Mtu mzima mmoja kumrudisha mtoto kutoka chooni, watu wataelewa. Ukoo mzima, hapana. Kama mmetawanyika, aliye mbele arudi nyuma awafuate wengine. Inauma, lakini inamaliza neno.

Ukichomekewa wewe, usipigane. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba foleni inaanzia nyuma. Wakikaidi, mwambie mhudumu wa kwanza utakayemfikia, umwonyeshe kwa maneno na si kwa kidole. Usiwasukume, usirekodi video, usianze kuwahutubia watu. Mhudumu akiita usalama, wanaowasili hawajui nani alianza. Wanaona watu wawili wanapiga kelele.

Sogea foleni inaposogea. Ukibaki unapiga picha ukutani huku mita 5 mbele ziko wazi, walio nyuma wanaamini unawachelewesha, hata kama mwendo wa treni haubadiliki.

Acha nafasi ya mkono mmoja. Nyumbani tunasimama kwa kugusana mabega na hakuna tatizo. Hapa kigari chako kikimgonga mtu kisigino mara mbili, mara ya tatu atageuka. Watoto wasikalie wala kuning'inia kwenye minyororo ya foleni.

Sauti. Tukiwa wengi tunaongea kwa furaha, na furaha yetu ina desibeli. Sisemi mnong'one. Ila simu ya video na shangazi aliye Tabora, spika ikiwa wazi, saa 4 usiku, katikati ya watu waliochoka… mpigie ukifika hotelini.

Mwanga. Ndani ya mchezo wa giza usiwashe taa ya simu wala flash. Unaharibu kwa wote waliosubiri kama wewe.

## Hatua ya 7: Namna ya kuomba nyongeza

Unapofika jukwaa la kupandia utamkuta mhudumu anayepanga watu kwenye safu. Ndiye wa kuombwa. Si aliye mlangoni, wala anayebonyeza vitufe.

Sakafuni kuna namba za safu. Msubiri akufikie, akuulize mko wangapi. Jibu idadi kwanza, kwa vidole na kwa mdomo, maana kuna kelele. *Kisha* omba kwa sentensi moja: kama inawezekana, tungependa safu ya nyuma, na tuko tayari kusubiri treni inayofuata. Hiyo nusu ya mwisho ndiyo ufunguo. Umemwondolea kazi ya kupanga upya walio mbele yako, na umemwonyesha kwamba unajua unaomba.

Mpwa wangu wa miaka 8 alifanya hivyo pale Seven Dwarfs, peke yake, Kiingereza chake kikiwa bado cha wiki mbili. Aliinua vidole vitatu, akasema «watatu», akavuta pumzi, akaonyesha mkia wa treni na kusema «tafadhali». Mhudumu, dada mmoja aliyekuwa amesimama kwa miguu iliyochoka waziwazi, alimtazama, akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea namba ya mwisho sakafuni. Tukasubiri treni moja. Mabehewa ya mchezo ule huyumba kushoto na kulia kama ndoo kichwani. Ndani ya mgodi vito vinawaka rangi zote, na ukitoka nje juu ya kilima unaona taa za Fantasyland zote chini yako. Kijana hakusema neno mpaka tuliposhuka.

Kwa nini nyuma? Treni ni ndefu. Mabehewa ya mbele yakishavuka kilele yanaanza kuanguka na kuvuta yaliyobaki, kwa hiyo wa nyuma anarushwa chini akiwa hajamaliza hata kupanda. Mbele unapata kuona, nyuma unapata kasi. Mwenye moyo mdogo akae katikati.

Mambo ya kutofanya:

Usimpe mhudumu pesa. Najua mkono unakuwasha kutoa ya soda. Wahudumu wa michezo hawaruhusiwi kupokea, na unampa aibu mbele ya mkubwa wake. Ukitaka kumshukuru, soma jina lake kifuani, pale pale mara nyingi pameandikwa na mji anakotoka, kisha uandike pongezi kupitia programu. Pongezi hizo zinamfikia.

Usidanganye kuhusu siku ya kuzaliwa. Vibandiko vya kifuani vya kusherehekea hutolewa bure, na kila siku kuna watoto ambao ni siku yao kweli. Mwanao akiulizwa anatimiza miaka mingapi atakuangalia wewe kwanza, na mhudumu ameshaona macho hayo mara elfu.

Mzunguko wa pili bila kushuka, usiuombe kabisa kama kuna hata mtu mmoja nyuma yenu. Kama jukwaa ni tupu, unaweza kuuliza mara moja, ukiwa bado umekaa. Akisema mshuke, mnashuka mkiwa mnacheka. Zipo sababu za kiusalama za kuhesabu watu wanaoshuka na wanaopanda, na wakati wa kufunga mafundi nao wanasubiri treni yao.

## Hatua ya 8: Mkigombea kiti kimoja na familia nyingine

Itatokea. Mmeomba safu ya mbele, na walio nyuma yenu nao wameiomba. Wengine ni vijana wa mjini wenye tiketi za mwaka, wanaifahamu kila hila na wanakuja karibu kila wiki.

Kanuni ya jukwaani ni kwamba aliyeomba kwanza kwa mhudumu ndiye anayesubiri kwanza. Kama mhudumu amewaweka ninyi, asanteni na msogee. Kama amewaweka wao, ulizeni kama mnaweza kusubiri inayofuata. Mara nyingi mnaweza. Ikiwa treni iliyobaki ni moja tu, pandeni popote alipowaweka, haraka, na mwacheni afunge.

Vijana wale usiwachukie bure. Nimewahi kukaa mbele yao nikiwa na mama mkwe aliyekuwa hajawahi kupanda kitu chenye mwendo zaidi ya daladala ya Mbagala. Mmoja alimwonyesha namna ya kushusha chuma cha mapajani na kumwambia aweke kichwa nyuma. Sisi tukawapisha safu ya mbele kwenye treni iliyofuata bila kuombwa. Mama mkwe bado anawaulizia.

Kingine: mtoto wako akilia kwa kukosa kiti, mtulize pembeni ya njia, si pale mlangoni pa kutokea. Watu walio nyuma yenu gizani hawawaoni.

## Kwa walio mbali na Orlando

Kanuni ya kuwa ndani ya foleni kabla ya saa ya kufunga ni ya Disneyland ya California pia. Huko kuna nyongeza ya pekee: meli ya Mark Twain, inayotembea tangu bustani ilipofunguliwa 1955. Kwa miaka mingi nahodha amekuwa akiwakaribisha wageni wachache kwenye kibanda cha usukani. Haiuzwi wala haiwekwi nafasi. Unamwomba mhudumu wa gatini mapema, na anayewahi ndiye anayepanda. Meli huacha kutembea mapema kuliko michezo mingine, kwa hiyo usingoje usiku.

Ndugu zetu wa Ghuba wanaoenda Ferrari World, Abu Dhabi: Formula Rossa inakimbia kilomita 240 kwa saa na njia yake iko nje ya jengo, hivyo upepo na mchanga vinaweza kuisimamisha. Ianze siku nayo. Miwani ya kukinga macho utapewa pale pale, ivae hata kama inakuharibia picha.

## Hatua ya 9: Kutoka

Mkishuka, bustani itakuwa nusu tupu na hapa ndipo mnapolipwa kwa subira yote. Msikimbilie geti. Maduka ya Main Street huwa wazi kwa muda baada ya kufunga, na picha mbele ya kasri bila vichwa 200 vya watu hupatikana sasa tu. Subirini pia lile tangazo fupi la usiku mwema, taa za kasri zikibadilika rangi. Wengi hawajawahi kuliona kwa sababu wakati huo wako kwenye msongamano wa feri.

Magari ya Magic Kingdom hayaegeshwi getini. Lazima mvuke kwa feri au kwa treni ya juu mpaka kwenye maegesho. Kigari cha mtoto hukikunji kwenye vyombo hivyo viwili. Kwenye basi la hoteli utaambiwa ukikunje, na mtoto atakuwa amelala ndani yake, kwa hiyo mmoja ajiandae kumbeba. Kwa wanaokwenda maegeshoni mimi napendekeza feri: upepo wa ziwa unawaamsha madereva.

Na ile picha ya bango la safu mliyoegesha, ipigeni asubuhi. Saa 5 usiku, watu wanane, magari maelfu, kila mmoja ana hakika yake kuhusu ni wapi mliliacha.